Kutoka Mwanza hadi London Ni Mbali Kiasi Gani?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa anaombwa awe na ubao, chaki, na ramani ya Afrika ikiwa inapatikana. Baada ya kusikiliza, wanafunzi wasome sehemu moja moja kwa zamu, kisha wajibu maswali yaliyo mwisho.)

  

Leo tutajifunza historia. Lakini historia ya leo si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya safari. Nitaanza na swali, nanyi mlijibu kwa sauti kabla sijaendelea. Kutoka hapo ulipo hadi Mwanza ni mbali kiasi gani?

Najua mmejibu kwa namna mbili. Mtu wa Shinyanga mjini amesema, "Ni kilometa 160 hivi." Jirani yake amesema, "Ni saa tatu kwa basi." Wote wawili wamesema kweli, lakini hawakusema jambo moja. Wa kwanza ametaja umbali. Wa pili ametaja muda.

Umbali ni kazi ya ardhi, nao haubadiliki. Tangu zamani za babu zetu mpaka leo, ziwa halijasogea kuja Shinyanga, wala Shinyanga haijasogea kwenda ziwani. Muda, kinyume chake, ni kazi ya watu. Hubadilika kila watu wanapojenga njia au kuleta chombo kipya. Hubadilika pia watu wanapoiacha njia ikaharibika.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema kwamba siku hizi mahali fulani pamekuwa karibu, fahamuni kuwa ni muda uliofupishwa. Na muda haujifupishi wenyewe. Inafaa tuulize: Ni nani aliyeufupisha? Na aliufupisha kwa ajili ya nani? Hayo ndiyo maswali mawili ya somo la leo. Yashikeni vizuri.

SAFARI YA MIGUU

Mwalimu, tafadhali onyesha katika ramani mji wa Bagamoyo, ulio Pwani. Sasa onyesha Tabora. Sasa Mwanza.

Zamani watu wa bara waliokwenda Pwani walikwenda kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walichukua pembe za ndovu mabegani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mpagazi alichukua mzigo wa kiasi cha kilo 30, na juu yake mkeka wake wa kulalia na chombo cha kupikia. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, ndiye mtu aliyeijua njia. Wengi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, ili mvua zikianza wawe wamerudi mashambani. Kwa hiyo safari ilifuata kalenda ya jembe.

Wapagazi wenyewe hawakutuachia vitabu vya siku zao za njiani. Tarehe tulizo nazo ziliandikwa na Wazungu waliosafiri katika misafara hiyo. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka Pwani mwezi wa Juni mwaka 1857. Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton aliandika kwamba hiyo ilikuwa siku ya 134. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Julai 1858, Speke aliondoka Kazeh akielekea kaskazini pamoja na kiongozi wake Sidi Mubarak Bombay. Walipita katika nchi ya Wasukuma, wakaliona ziwa pana hapo Mwanza tarehe 3 Agosti. Ni siku 25.

Haya, tujumlishe ubaoni. Siku 134 na siku 25 ni siku 159. Hizo ni siku za kutoka Pwani hadi ziwani, bila kuhesabu muda walioutumia Kazeh na kwingineko. Ni miezi mitano na zaidi. Mtu aliyeondoka Bagamoyo siku mkewe alipojua ana mimba, angefika ziwani mimba inakaribia miezi sita.

Mwaka 1874 alikuja Stanley. Yeye hakupita Tabora. Alikata njia ya kaskazini zaidi, akapita Ugogo na nchi ya Waturu, kisha Usukuma. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageyi, kijiji cha ufukweni mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Ukihesabu siku ya kuondoka na siku ya kufika, ni siku 103. Aliandika kwamba mwendo wote ulikuwa maili 720, yaani kilometa 1,160 hivi.

Sasa gawanyeni. Kilometa 1,160 kwa siku 103 ni kilometa 11 kwa siku. Mwanafunzi mmoja ananiuliza moyoni mwake, "Kilometa 11 tu? Mimi naweza kwenda hizo kabla ya saa nne asubuhi!" Ni kweli, bibi. Hata wapagazi waliweza. Tena waliweza zaidi yako, maana walikuwa hodari. Kilichokula muda hakikuwa miguu yao. Kilikuwa kungoja. Msafara ulingoja mvua ipungue, ulingoja wagonjwa wapone, ulingoja chakula kinunuliwe. Ulipofika katika nchi ya mtemi ulisimama ili hongo ijadiliwe. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Leo neno hilo lina maana nyingine, na kila mmoja wetu anaijua.

Kumbukeni jambo hili la kungoja. Tutalikuta tena mwisho wa somo.

GARI LA MOSHI

Chombo cha kwanza kilichofupisha muda kilikuwa gari la moshi. Lakini tazameni ajabu. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, na Mwanza ilikaribishwa kwanza na reli ya Waingereza. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901. Tangu hapo mfanyabiashara wa Mwanza aliweza kupakia mali yake katika meli, ikavuka ziwa mpaka Kisumu, kisha ikapanda gari la moshi mpaka Mombasa. Kwa umbali, Dar es Salaam na Mombasa zote ziko mbali na Mwanza. Kwa muda, Mombasa ilikuwa karibu zaidi sana.

Wajerumani nao walijenga Reli ya Kati. Waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kisha vita kuu ikaja, wakaipoteza nchi. Waingereza ndio waliolijenga tawi la kutoka Tabora kwenda kaskazini, likapita Shinyanga, na mwaka 1928 likafika Mwanza. Urefu wa reli kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 1,220 hivi.

Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku mbili hivi. Gawanyeni tena: kilometa 1,220 kwa saa 48 ni kilometa 25 kwa saa. Kijana mwenye baiskeli anaweza kucheka. Lakini gari la moshi halichoki, halilali njiani usiku, wala halibebi kilo 30. Hubeba mabehewa ya pamba, karanga na ng'ombe. Kwa mkulima wa Shinyanga jambo hilo lilikuwa kubwa. Pamba ni nyepesi mkononi, lakini ni mzigo mkubwa ikiwa robota. Haiwezekani kuichukua begani mpaka Pwani ukabaki na faida.

ERopleni YA MWAKA 1931

Sasa tunafika kwenye swali la jina la somo letu.

Tarehe 28 Februari mwaka 1931, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza safari ya ndege ya kila juma kutoka Uingereza kuja Afrika Mashariki. Ndege ya kwanza iliondoka katika uwanja wa Croydon, uliokuwa uwanja wa London siku hizo. Je, njia hiyo iliishia wapi? Haikuishia Nairobi, wala Dar es Salaam. Iliishia Mwanza.

Naam, mmesikia vizuri. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja, London na Mwanza zilikuwa ncha mbili za njia moja ya anga.

Mwalimu, fuatisha kwa kidole katika ramani: Uingereza, bara la Ulaya, bahari ya Mediteranea, Misri, Sudan, Uganda, Kisumu, Mwanza. Abiria na mizigo hawakukaa katika ndege moja safari nzima. Kutoka Cairo hadi Khartoum ilitumika ndege ya nchi kavu. Kutoka Khartoum kuja kusini ilitumika ndege ya majini, yenye tumbo kama la mashua, iliyotua juu ya maji ya mto Nile na ya ziwa letu. Mzigo wake wa maana kuliko yote ulikuwa barua.

Umbali wa moja kwa moja kutoka London hadi Mwanza ni kilometa 6,750 hivi. Njia yenyewe ilipinda, kwa hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Safari ilichukua siku kumi hivi. Kabla ya hapo barua ilikuja kwa meli kupitia Suez mpaka Mombasa, kisha kwa reli na meli ya ziwa, nayo ilichukua majuma matatu na zaidi.

Ndege za siku hizo ziliweza kwenda kilometa 150 hivi kwa saa. Kama zingeruka bila kusimama, zingemaliza safari kwa siku mbili. Kwa nini zilichukua kumi? Jibu ni lile lile la wapagazi: kungoja. Hazikuruka usiku. Zilitua mara nyingi kutia mafuta. Abiria walilala hotelini, na asubuhi ndege iliondoka tena, ikiwa hali ya hewa ni njema. Eropleni nayo ilikuwa msafara, ingawa kirangozi wake alivaa miwani ya rubani.

Tena kuna jambo la pili la kufikiri. Chukueni barua moja iliyotoka London ikafika Mwanza kwa siku kumi. Kama imeandikiwa mtu wa kijijini ng'ambo ya ghuba, upande wa Geita, bado ilibaki na safari ya maji na ya miguu. Ile sehemu ndefu ya safari ilikuwa imefupishwa. Ile sehemu fupi, ya kumfikia mwananchi nyumbani kwake, ilibaki kama ilivyokuwa zamani za babu yake.

Na jambo la tatu ni hili. Mwezi wa Januari mwaka 1932 njia ile ilirefushwa mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Ikabadilishwa ipite Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa kando. Ziwa lilikuwa pale pale, na umbali wa London ulikuwa ule ule, lakini mji ukawa mbali tena. Reli ukiijenga, kuing'oa ni kazi. Njia ya anga huhamishwa kwa kalamu. Na kalamu hiyo haikuwa mkononi mwa mtu wa Mwanza.

MZIGO MWEPESI NA MZIGO MZITO

Turudi kwenye swali letu: muda hufupishwa kwa ajili ya nani? Mara nyingi hufupishwa kwanza kwa ajili ya mzigo wenye thamani kubwa na uzito mdogo. Huu ndio wakati wa kuizungumza nchi yenu ya madini.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani. Lakini uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930. Sababu moja ilikuwa bei. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35. Mwamba ambao jana haukulipa gharama, leo ukalipa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi mpaka mwaka 1966, ukafungwa. Mgodi mkubwa wa siku zetu ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001.

Huko Shinyanga, mwaka 1940, John Williamson aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi moja ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Basi almasi ile nzima haikufika gramu 11, yaani uzito wa vijiko viwili vidogo vya chumvi. Ikapewa Elizabeth wa Uingereza, binti wa mfalme, kuwa zawadi ya arusi yake. Ikakatwa, ikatiwa katika pambo la kifuani.

Mmeona sasa? Mali ya namna hiyo haina haja ya behewa. Dhahabu ni nzito, maana kopo la lita moja likijazwa dhahabu tupu lina uzito wa kilo 19. Hata hivyo thamani ya kopo hilo hulipa gharama ya ndege bila taabu. Ndiyo sababu migodi mikubwa ina viwanja vyake vya ndege. Robota la pamba haliwezi kulipa nauli hiyo. Kwa hiyo kutoka wilaya moja, siku moja, mali mbili huondoka: moja inapaa, nyingine inangoja behewa.

Silaumu ndege. Ndege ni jambo jema. Leo kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa anga ni kilometa 850 hivi, na ndege hufika kwa saa moja na nusu. Tunapofurahia saa moja na nusu hiyo, tuulize na habari za wengine. Mchimbaji mdogo mwenye gramu zake mbili alikuwa mbali na mnunuzi wa haki, hata kama ndege zilipita juu ya kichwa chake kila siku. Soko la madini lilipofunguliwa Geita mwezi wa Machi mwaka 2019, umbali wa duniani haukubadilika hata hatua moja. Lakini mnunuzi na mizani vilisogezwa karibu. Huko nako ni kufupisha njia.

KIGONGO NA BUSISI

Nataka kumaliza na maji ambayo wengi wenu mmeyavuka. Ni ile ghuba iliyo kati ya Kigongo, upande wa Misungwi, na Busisi, upande wa Sengerema. Upana wake hapo ni kama kilometa tatu. Kirangozi wa zamani angezimaliza kwa nusu saa na zaidi kidogo, kama yangekuwa ardhi.

Kwa miaka mingi tulivuka kwa kivuko. Kuvuka kwenyewe kulichukua nusu saa hivi, lakini kungoja kuliweza kuchukua saa moja, au mbili, au zaidi. Mwenye samaki alingoja huku barafu ikiyeyuka. Mama mwenye uchungu alingoja ndani ya gari. Juu yao, ndege iliyokuwa ikitoka Mwanza ilikuwa imekwisha fika Dar es Salaam kabla wao hawajafika ng'ambo. Nani alikuwa mbali na Mwanza? Kwa kilometa, ni mtu wa Dar es Salaam. Kwa saa, ni yule mama.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja mahali hapo, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Urefu wake ni kilometa tatu hivi. Gari huvuka kwa dakika chache. Mzigo wa mgodi hupita hapo, na kapu la dagaa hupita hapo. Daraja halichagui mzigo mwepesi wala mzito. Hiyo ndiyo tofauti yake na ile ndege ya mwaka 1931.

Basi, ndugu zangu, kutoka Mwanza hadi London ni mbali kiasi gani? Kwa kilometa, ni 6,750, jana, leo na kesho. Kwa muda, jibu hutegemea wewe ni nani, una mzigo gani, na nani ameshika kalamu ya kuchora njia. Mara nyingi swali kubwa kwetu halihusu London hata kidogo. Linahusu zile kilometa chache kati ya nyumba yako na zahanati, shule, soko na kisima. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuhesabu. Mkutano wa kijiji ukijadili barabara, msiseme tu, "Ni mbali." Semeni ni kilometa ngapi, ni saa ngapi, na katika saa hizo ngapi ni za kwenda na ngapi ni za kungoja. Maneno hayo yakiandikwa katika kumbukumbu za mkutano, ni vigumu kuyapuuza.

MASWALI YA DARASA

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya umbali na muda.

2. Kwa nini msafara wa Stanley ulikwenda kilometa 11 tu kwa siku? Taja sababu tatu.

3. Kwa nini mfanyabiashara wa Mwanza alipeleka mali yake Mombasa kabla ya mwaka 1928?

4. Ni nini kilichoifanya Mwanza iwe mbali tena mwaka 1932?

5. Kazi ya nyumbani: Pima njia ya kutoka kwako hadi zahanati. Hesabu hatua zako, na uandike saa uliyoondoka na saa uliyofika. Andika pia muda uliongoja kabla ya kuhudumiwa. Lete hesabu hiyo darasani, mwalimu aiandike ubaoni pamoja na za wenzako.

Kwa leo tunaishia hapa.